Wengine Waache Pombe, Mimi Nafurahi

27 Julai

Leo nimeulizwa swali nikashindwa kulijibu. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuja kumpima Mama presha kama kawaida yake kila mwezi, halafu akanigeukia mimi na fomu nyingine. Eti siku hizi na sisi tunaotunza wazee tunapimwa roho.

"Katika wiki mbili zilizopita, umefurahi siku ngapi?"

Nikaanza kuhesabu. Nilihesabu siku za kung'oa miche, siku za kumpeleka Mama kliniki, siku za kushona sare za watoto wa shule, siku ya kuziba paa. Nilihesabu mpaka kalamu yake ikakauka.

"Andika sifuri," nikamwambia.

"Dada Buakham, nikiandika sifuri fomu itarudishwa, na mimi nitarudishwa na fomu. Tuandike mbili."

Tukaandika mbili. Akaondoka na uongo wetu mfukoni, na Mama aliyekuwa akisikiliza kutoka kitanda chake cha mianzi, chini ya nyumba yetu iliyoinuliwa juu ya nguzo, akatema tambuu na kusema, "Mbili? Ulizipata wapi hizo mbili?"

Nina miaka arobaini na tisa. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba wa kike haondoki; nyumba ni yake na wazazi ni wake mpaka siku yao ya kuchomwa kwa kuni. Sijalalamika. Lakini sifuri imenichoma.

Kesho watawa wanaanza miezi mitatu ya kukaa hekaluni mpaka mvua ziishe, na sisi tulio nje kila mmoja anaweka nadhiri ya kuacha kitu. Jioni Mwenyekiti wa kijiji, Khamtan, alitugawia karatasi. Wanaume waliandika pombe, sigara, kamari. Dada yangu Thongluan, ambaye ua wake na wetu ni mmoja, aliandika ukurasa mzima. Mimi nikajiuliza, niache nini? Sinywi, sivuti, sichezi. Kilichobaki cha kuacha ni kupumua. Basi nikaandika hivi:

"Kila siku, kabla jua halijazama, nitafanya jambo moja la kunifurahisha mimi mwenyewe, na sitamwomba mtu radhi."

Nikaikunja. Karatasi huwekwa chini ya mshumaa mkubwa hekaluni, hakuna azisomaye.

28 Julai

Zimesomwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, kipaza sauti cha kijiji kikakohoa kule juu ya mlingoti, na sauti ya Mwenyekiti ikaanza. Eti mwaka huu ameona tusaidiane kuzikumbuka nadhiri zetu. Nyumba kwa nyumba!

"Khampon, kuacha pombe miezi mitatu." Nikasikia watu wanacheka hadi ng'ambo ya bwawa, maana hii ni nadhiri yake ya mwaka wa tisa. "Bi Thongluan, kula mlo mmoja kila siku takatifu, kutokaa kwenye kiti kirefu, na kutomsengenya mtu yeyote." Watu wakacheka zaidi. "Buakham..." Nikasikia karatasi inageuzwa upande wa pili, kana kwamba huko kuna maelezo. Kisha akasoma. Yote. Mpaka ile ya kutoomba radhi.

Kijiji kizima kikawa kimya, hata jogoo. Halafu kicheko cha kwanza kilichotoka ni cha Mama.

Dada alikuwa amefika mlangoni kabla kipaza sauti hakijazimwa. "Nadhiri yangu inanikataza kukusema nyuma yako," akasema, "kwa hiyo nakuambia usoni. Umetuaibisha. Watu wanajinyima, wewe unajipa!"

"Nimeshaiweka, Dada. Na imeshasomwa. Unataka nivunje nadhiri siku ya kwanza?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yangu ya leo.

29 Julai

Nimelala mchana, nusu saa nzima, mlango wazi. Wapitao wakaniona. Shauri yao.

31 Julai

Tunapandikiza mpunga. Nimepaka rangi ya mdomo nyekundu, ile niliyonunua kwa ajili ya arusi ya binti wa Dada nikaona haya kuipaka. Nimeinama kwenye tope kutwa nzima mdomo ukiwaka. Khampon, aliyekuwa akipandikiza jaruba la jirani, akauliza, "Unawapakia vyura?" Nikamwambia vyura wana macho kuliko yeye. Siku ya nne hajanywa, mikono inamtetemeka, miche yake imekaa upogo.

3 Agosti

Leo nimefanya kubwa.

Kila alfajiri napika wali wa kunata, na kila alfajiri tonge la kwanza, lile la moto linalotoa mvuke, ni la bakuli la watawa wanapopita. La pili la Mama. Mimi nakula makombo yakishapoa. Miaka yote. Leo nilipofunua kikapu cha wali nikachota tonge la kwanza, nikalichovya kwenye pilipili na samaki wetu wa kuvundikwa mtungini, nikala nimesimama nimefumba macho. Kisha nikawatengea watawa kilichofuata.

Nilipofumbua macho, Dada yuko dirishani kwake, ananitazama.

"Umekula kabla ya watawa."

"Nimekula."

"Unajua maana yake?"

"Najua ladha yake."

Akaweka mkono kifuani. Nilidhani ataanguka. Mama akapaza sauti kutoka chini: "Na mimi mnaninyima chakula kwa sababu ya mtawa gani leo?"

4 Agosti

Nimepiga mluzi.

5 Agosti

Nimepiga mluzi tena, mbele ya Dada.

6 Agosti

Mvua. Mluzi.

11 Agosti

Nimekaa na daftari hili nimesoma nilichoandika, na jambo moja limenikera. Karibu kila furaha ina jina la Dada ndani yake. Nimelala ili nionekane, nimepiga mluzi ili asikie, na hata lile tonge la moto, utamu wake nusu ulikuwa dirishani. Ningekuwa kisiwani peke yangu ningefurahia nini? Sijui. Leo nimekaa ukingoni mwa jaruba kungoja furaha inijie, ikaja ruba. Saa kumi na moja jioni nikaona jua linakwenda, nikanunua barafu ya tui la nazi kwa haraka, nikaila kama dawa. Nimeihesabu, lakini sijivunii.

Nilimwambia Khampon haya. Akasema, "Mimi yangu rahisi. Kutokunywa ni kukaa tu. Yako inataka mtu aamke akaifanye." Mlevi, lakini kichwa anacho.

12 Agosti

Siku ya akina mama. Nimemvisha Mama shada la asumini, nikapiga magoti mbele yake kama inavyotakiwa, nikamwuliza anataka nini. Ana miaka themanini na mmoja.

"Nini kipo?" akauliza.

Nikamtajia supu ya uyoga, nguo mpya, kuku.

"Basi hakuna," akasema, akarudi kwenye tambuu lake.

19 Agosti

Siku ya saba bila mvua. Miche inageuka njano. Furaha: nimezikata nywele zangu za kijivu nilizokuwa nikizificha, nikazicheka. Ndogo, lakini si ya Dada.

23 Agosti

Naandika hospitalini wilayani, kwenye benchi. Nitaandika yote, maana kesho nitaanza kujitetea, na nikianza kujitetea sitakumbuka sawasawa.

Saa nane mchana mawingu yakafunga. Siku kumi na moja tumetazama juu kama wendawazimu, na ilipokuja haikubisha hodi. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo. Nikaziacha. Maji yalikuwa yanaporomoka kutoka mfereji wa paa kwa mkupuo mmoja, nikaingia chini yake na nguo zangu zote, yakanipiga utosini, nikafungua mdomo na kupiga kelele. Sikuwa na neno, ni kelele tu. Sikumfikiria Dada wala daftari. Tangu niwe msichana sijafurahi hivyo, na ninaliandika hata sasa nikiwa kwenye benchi hili, kwa sababu ni kweli.

Halafu nikasikia kishindo, na mtungi unavunjika.

Mama alikuwa uani mbele ya nyumba, hatua saba kutoka kitandani kwake, amelala ubavu kwenye tope, mvua inampiga usoni. Kwa miaka hajatembea hatua hizo bila mkono wangu. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda visivyo. Hakulia. Alisema, "Nilikuwa naenda kufungia kuku."

Dada alifika anakimbia, nguo zake nyeupe za nadhiri zimejaa tope, akapiga magoti, akamfuta Mama uso kwa shuka lake. Kisha akaniona. Nadhani kicheko kilikuwa bado hakijatoka usoni kwangu.

"Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa naanua nguo. Hata kamba ya nguo ingenishuhudia.

"Nilikuwa nafurahi," nikasema.

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Khampon akaleta pikipiki yake yenye kigari cha pembeni, tukampakia Mama juu ya godoro, tukaondoka. Njia nzima Dada alimfunika Mama kwa mwili wake ili asilowe.

Mfupa umevunjika mahali pamoja. Daktari amefunga plasta. Nimemkosea Mama. Naliandika hili pia.

25 Agosti

Ukumbini mwa hospitali Dada amenikalisha chini. Hakupaza sauti, ndiyo maana niliogopa.

"Chagua. Nenda kwa mkuu wa watawa ukaombe kufunguliwa nadhiri yako, ukae na Mama kama ulivyokuwa ukikaa. Ukikataa, nampigia Bunloet aje amchukue."

Bunloet ni kaka yetu, anaishi Rayong, mbali upande wa kusini, kazi yake karakana. Mama akichukuliwa na mtoto wa kiume, huku kijijini kila mtu atajua maana yake: kitinda mimba ameshindwa. Na mimi nitabaki na nguzo kumi na mbili na paa.

Nimemjibu nipe mpaka turudi nyumbani.

28 Agosti

Tumerudi. Nilikwenda hekaluni. Nilifika getini kabisa, na maua yangu na ubani wangu, nimejiandaa kusema nimekosea. Kisha nikajiuliza, nikiacha kufurahi, mfupa wa Mama utaunga haraka zaidi? Kosa langu ni kutomwangalia. Hilo nitalilipa mpaka mwisho. Lakini kufurahi siyo kosa, na sitalikiri lisilo langu.

Nikageuka. Nilimkuta Dada anangoja kwenye njia panda.

"Umefunguliwa?"

"Ng'o."

Akatoa simu yake mfukoni, akanitazama, akairudisha. "Nakupa mwezi," akasema.

29 Agosti

Nimeufunga mkono mmoja wa Mama na wangu kwa utepe mrefu, niwe nashona huku najua akiinuka. Furaha: Mama ameuvuta utepe mara ishirini makusudi.

2 Septemba

Khampon amelewa. Siku thelathini na sita alizomaliza. Alipita kwetu analia, anasema yeye si mtu. Nikampa wali, nikamwambia kesho ni siku ya kwanza tena. Mwenyekiti alitaka kumtangaza kwenye kipaza sauti. Nimemwambia akithubutu, nitapanda mlingoti mwenyewe nikate waya. Hiyo ndiyo ya leo.

8 Septemba

Nilikuwa namwosha Mama miguu. Mvua ilianza, nyepesi. Nikamwona ananyoosha mkono mzima, ule usio na plasta, nje ya ukingo wa kitanda, kiganja juu.

"Mama," nikasema, "siku ile ilikuwa saa nane mchana. Nani hufungia kuku saa nane mchana?"

Akatafuna tambuu muda mrefu.

"Nilikusikia unapiga kelele," akasema. "Nikajiuliza, huyu kapata nini huko nyuma na mimi sijagawiwa?"

"Kwa hiyo ulikuwa unakwenda..."

"Nilitaka mvua. Sasa unanitumbulia macho nini? Mvua ni yako peke yako?"

"Kwa nini hukumwambia Dada?"

"Aniambie nini, nina wazimu? Wewe ana uzoefu wa kukuita wazimu."

Nilicheka mpaka nikaangusha bakuli la maji. Kisha nikalia, sijui kwa nini. Miaka kumi na mmoja namwogesha, namlisha, nampangia dawa, na sijawahi kufikiri kwamba pale kitandani kuna mtu anayetaka kitu. Nilimwuliza mara moja, Agosti, nikiwa nimepiga magoti na maua, kama mtu anayeuliza bei.

Nikafunga mfuko wa plastiki kwenye plasta yake, nikambeba mgongoni, tukatoka uani. Tulikaa mvuani kama dakika tano. Alikuwa anatetemeka na anakataa kuingia.

9 Septemba

Mama ana mafua. Anasema hajutii. Dada kanisema usoni robo saa bila kupumzika. Nadhiri yake imemfanya awe mkweli wa kutisha.

13 Septemba

Mama ametaka mwendo. "Kile kigari cha Khampon, siku ile mlinilaza, sikuona kitu." Nimeazima pikipiki ya Khampon, tukaenda mpaka barabara ya lami na kurudi, Mama kigarini ameshika ukingo kwa mkono mmoja, tambuu linamchuruzika shavuni, anapaza sauti, "Mpite yule! Mpite!" Tulikuwa tunampita mtu na nyati wake.

14 Septemba

Uyoga. Ameuchagua mwenyewe sokoni, akamtukana muuzaji. Ulikuwa mchana mzuri.

18 Septemba

Nimemwona Dada amesimama nyuma ya nyumba yake anatusikiliza tukicheka. Nilitaka kupiga mluzi. Sikupiga. Ana miaka sitini na mbili, mume amekufa, watoto wako Bangkok. Kila siku analeta supu kwa Mama, na kila siku Mama anaipokea akinitazama mimi.

22 Septemba

Dada amempigia Bunloet. Kuna mtu kamwambia kuhusu kigari.

30 Septemba

Hii itakuwa ndefu.

Kaka Bunloet alifika asubuhi na gari la kuazima, macho mekundu kwa safari. Ni mtu mpole, anaogopa dada zake wote wawili. Tulikaa chini ya nyumba kwenye mkeka, Mama juu ya kitanda chake. Dada akasema yote, moja baada ya moja, na hakuongeza chumvi. Nadhiri. Tonge la kwanza. Mvua. Mfupa. Mvua tena. Kigari.

"Ni kweli?" Kaka akaniuliza.

"Ni kweli yote. Na nitafanya tena, isipokuwa mfupa."

"Buakham, mdogo wangu, si uiache tu hiyo nadhiri? Zimebaki wiki tatu na ushei."

"Kaka, miaka kumi na mmoja nimemtunza Mama, hakuna hata mmoja wenu aliyekuja na gari kuniuliza kama nimekula. Nimefurahi miezi miwili, mkutano umeitishwa. Siachi. Mkitaka kusema mimi ni mtunzaji mbaya kwa sababu ya mfupa, semeni, nitainamisha kichwa. Mkisema ni kwa sababu nimecheka, mtanibeba kwenye jeneza bado nacheka."

Dada alikuwa analia kimyakimya. "Basi mchukue, Bunloet," akasema.

Kaka akanyanyua mikono. "Nyumba yangu ndogo, na mke wangu anafanya kazi zamu, lakini..." Nilimwona anamwomba Mama kwa macho akatae. Sote tulikuwa tunangoja akatae. Nilikuwa nimeshaanza kushinda moyoni, nimekwisha hata kunyoosha mgongo.

"Kutoka kwako mpaka baharini," Mama akamwuliza Kaka, "ni mbali?"

"Baharini? Dakika ishirini kwa gari, Mama."

"Nakwenda."

Kaka akameza mate.

"Mama," nikasema, "huna haja ya kwenda. Hawawezi kukulazimisha."

"Nani kanilazimisha? Mmekaa hapo mnanivuta huku na huku kama ngozi ya nyati, kuna aliyeniuliza? Miaka themanini na mmoja sijaona bahari. Nimeiona kwenye kalenda."

"Ningekupeleka!"

"Hukusema."

"Hukuomba!"

"Buakham." Mama haniiti jina langu, huniita wewe. "Umenitunza kama yai. Hakuna mtoto aliyetunza kama wewe, na nitamkata ulimi atakayesema vinginevyo, hata huyu mwenye nguo nyeupe. Lakini nimechoka kuwa yai. Ulivyosomwa kwenye kile kipaza sauti nilicheka, nikasema, huyu ameamka. Sasa ulitaka uamke peke yako?"

"Utakaa siku ngapi?"

"Mpaka nichoke nayo."

Nikamtazama Dada. Alikuwa ameshika mdomo. Alitaka kunitisha tu, maskini, naye tishio lake limekubaliwa na mtu ambaye hakumkusudia. Hakuna aliyeshinda isipokuwa bibi kizee mwenye plasta.

Nina hasira. Nina hasira naye, na ninamwonea fahari, na sijui lipi limetangulia.

1 Oktoba

Nimemkunjia nguo. Furaha: hakuna. Sidanganyi.

3 Oktoba

Wameondoka.

Kabla mtu hajasafiri tunamfunga nyuzi nyeupe kwenye kifundo cha mkono, na kila afungaye anasema neno, kuiita roho ya msafiri isitangetange, irudi ikae mwilini, irudi nyumbani. Dada alifunga wa kwanza. Alisema kila neno kama lilivyo, sauti ikimkatika. Mkono mmoja ulikuwa na plasta kwa hiyo nyuzi zote zilijaa kwenye ule mwingine.

Ikafika zamu yangu. Maneno nayajua tangu utotoni. Roho ya Mama, rudi, usipotee, nyumba ni hii. Nikafunga fundo la kwanza, nikashindwa. Maana hayo ndiyo niliyokuwa nayataka kwa nguvu zangu zote, na yeye hakuyataka.

Nikasema, "Roho ya Mama, usibaki hapa ukisugua masufuria. Panda gari. Fika naye mpaka majini."

Dada akashtuka. Mama akanipiga kofi dogo la shavu kwa mkono wenye plasta, ukaniuma.

"Sasa hapo umenena," akasema. "Kaza fundo."

4 Oktoba

Nimepika wali wa watu wawili.

5 Oktoba

Tena.

9 Oktoba

Tonge la kwanza la moto. Nimelila nimesimama, hakuna aliye dirishani, hakuna anayeniita kutoka chini. Lilikuwa wali tu. Nimepaka mdomo, nimepiga mluzi, nimelala mchana. Nimeyafanya yote kama mtu anayefua. Niliwahi kuuliza kisiwani ningefurahia nini, na sasa niko kisiwani.

Lakini siachi. Nimevuka mvua, nimevuka Dada, nimevuka mkutano. Sitashindwa na nyumba tupu.

13 Oktoba

Nimetembea mpaka mwisho wa majaruba bila sababu. Mpunga umeanza kubeba, ukiupitisha mkono unakuna kiganja. Nimerudi nyuma nikaupitisha tena. Ilikuwa ndogo, na haikuwa na jina la mtu ndani yake.

17 Oktoba

Nimekwenda tena kwenye mpunga. Khampon kanikuta, siku ya arobaini na tano ya hesabu mpya. Hakuuliza nafanya nini. Akapitisha mkono wake naye.

24 Oktoba

Mwezi umejaa, watawa wanatoka, nadhiri zinaisha leo jua likizama.

Nimeshinda nashona, kichwa kizito. Saa kumi jioni simu ikalia, namba ya Kaka.

"Wewe," akasema Mama. Nyuma yake kulikuwa na mvumo mkubwa, nikadhani ni lori. "Niko hapa."

"Wapi?"

"Wapi tena! Nimekalia kiti cha plastiki, iko mbele yangu. Mara ya nne hii. Nakuambia, kubwa mno, halafu haina adabu. Imeninyang'anya ndala."

"Ndala?"

"Ya kulia. Nilikuwa nimenyoosha mguu tu, ikaja, ikachukua, ikaenda nayo. Bunloet kaingia na suruali yake kuifuata, imemwangusha. Mwanamume mzima! Nimeitukana, ikarudi kuchukua ya kushoto."

Nilikuwa nimefunika mdomo kwa kitambaa nilichokuwa nashona.

"Unalia?" akauliza.

"Silii."

"Unalia. Mimi sijafa, niko pekupeku tu. Leo umefanya lako?"

"Bado."

"Jua liko wapi huko?"

Nikachungulia. "Limeshuka kwenye miti."

"Sasa unaongea na mimi ya nini?" Akakata simu.

Nilikuwa bado nimeishika ilipoingia sauti ya ndala za Dada uani. Ametoka hekaluni, nguo nyeupe, amekonda kwa mlo wake mmoja mmoja. Alisimama mbali kidogo. Hajaingia kwangu tangu siku ya nyuzi.

"Nimesikia simu," akasema. "Ni Mama?"

"Ni Mama."

"Mimi hajanipigia."

Nilikuwa nalo hapo, kinywani, tamu, limeiva: wewe si ndiye uliyemtoa. Miezi mitatu iliyopita ningelisema, na ningeliandika humu kuwa furaha ya siku. Na jua lilikuwa linakwenda.

Nikamsimulia habari ya ndala.

Nilimsimulia ya kulia, na Kaka na suruali yake, na bahari inavyorudi kuchukua ya kushoto. Nikaigiza sauti ya Mama. Dada alijizuia, akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kikamtoka kicheko ambacho sijakisikia tangu tukiwa wasichana, kikubwa, cha kukwaruza, kama bata. Ikabidi ashike nguzo. Na mimi kumwona Dada Thongluan ameshikilia nguzo analia kama bata, nikaketi chini palepale penye mchanga. Kila nilipotaka kunyamaza yeye alisema "ya kushoto," na tunaanza upya.

Tulipopata pumzi, jua lilikuwa limeshazama. Sijui lilizama saa ngapi.

Dada akajifuta macho kwa shuka lake. "Basi nadhiri yako imekwisha," akasema. "Ahsante sana. Kijiji kitapumzika."

"Imekwisha. Kesho nafurahi bure."

"Khe! Na mimi jirani yako nitaishi wapi?"

"Hapohapo," nikamwambia. "Zoea."